Je, wajua kwa nini Tiro ilihukumiwa, na mbona mpaka leo watu wanaishi pale?

Ukisoma Ezekieli 26 unakuta Mungu anasema Tiro itakuwa jabali tupu, mahali pa kutandazia nyavu, wala haitajengwa tena. Sasa mtu anafungua ramani kwenye simu anaona mji wa Sur, ndo Tiro ya leo, kusini mwa Lebanoni, una barabara, maduka na watu kibao, anabaki anajiuliza, ina maana unabii ulikosea?

Tuanze na kosa lenyewe kwanza. Tiro ulikuwa mji wa Wafoinike, matajiri wa meli na wa ile rangi ya zambarau waliyoitoa kwenye konokono wa baharini, na mfalme wao Hiramu ndo aliyempa Sulemani mierezi ya kujengea hekalu, yaani walikuwa marafiki kabisa. Halafu Yerusalemu inaanguka mikononi mwa Wababeli, Tiro inasema "Aha!", manake sasa biashara yote itageukia kwake. Hapo huwa panauma sana, nyumba ya jirani inaungua wewe unapiga hesabu ya faida.

Wengi wanasoma harakaharaka wanadhani aliyetabiriwa kuupiga mji ni Nebukadneza, mfalme wa Babeli, peke yake. Rudi sura ya 26 mstari wa 3, Mungu anasema mataifa mengi yatapanda juu yako kama bahari inavyopandisha mawimbi yake, na mawimbi huja moja baada ya jingine. Nebukadneza aliuzingira mji kama miaka 13 hivi, ila Tiro ilikuwa na sehemu ya bara na sehemu ya kisiwani yenye ukuta, na Ezekieli mwenyewe anasema waziwazi sura ya 29 mstari wa 18 kwamba lile jeshi lilitaabika mpaka vichwa vikaota upara na mabega yakachubuka na ujira halikupata. Biblia yenyewe haifichi hilo.

Sasa cheki, sura ya 26 mstari wa 7 mpaka 11 anaongelewa mtu mmoja, Nebukadneza, ukifika wa 12 ghafla wanakuwa wengi, "nao" watatupa mawe yako na miti yako na mavumbi yako majini. Mwaka 332 KK Alexander Mkuu akaja, akabeba vifusi vya mji wa bara akavimwaga baharini mpaka akapata njia ya kufika kisiwani, mzingiro wote ulichukua kama miezi 7. Mchanga ukajikusanya pale, leo kile kisiwa kimeungana na bara.

Na hilo la kutojengwa tena? Wapo wanaosema ni ule mji wa bara tu. Mi naona sura ya 27 inatusaidia zaidi, maana inaiomboleza Tiro kama meli iliyozama na shehena yake yote, yaani kilichohukumiwa ni ule umalkia wa bahari, na huo haujarudi. Hata jina Sur maana yake ni mwamba, kwa hiyo kuitwa jabali tupu ni kama kuvuliwa kila kitu ubaki na jina tu.

Ndo maana Agano Jipya halioni shida kuwa Tiro ina watu. Matendo 21 Paulo anakaa pale siku 7, siku ya kuondoka wanafunzi wanamsindikiza na wake zao na watoto mpaka nje ya mji, wanapiga magoti ufukweni wanaomba.