Viti vya Baraza la Chuo Kikuu cha Umma Hujazwaje?

Ndugu zetu wa Lindi na Mtwara, tangu ujenzi wa kampasi ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam uanze pale Ngongo, Manispaa ya Lindi, tumekuwa tukiulizwa kama mkoa una kiti kwenye Baraza la chuo, yaani chombo kinachokisimamia chuo. Ni swali la haki. Kampasi hiyo imo katika mradi wa Elimu ya Juu kwa Mageuzi ya Kiuchumi, ambao Serikali ilikopa dola za Marekani milioni 425 kutoka Benki ya Dunia kuutekeleza. Mkopo huo utalipwa na Watanzania wote, mkulima wa ufuta wa Nachingwea akiwamo.

Jibu ni kwamba Baraza la Chuo halina viti vya mikoa. Wengi wetu huku Kusini tumezoea vyama vya ushirika: wanachama wa AMCOS, chama cha msingi cha wakulima, wanaitana kwenye mkutano mkuu, wanapiga kura, bodi inapatikana. Chuo kikuu cha umma hakina daftari la wanachama wa namna hiyo. Mwenye mali ni umma mzima, na anayeteua kwa niaba ya umma ni Serikali.

Msingi wa haya yote ni Sheria ya Vyuo Vikuu, Sura ya 346, iliyotungwa mwaka 2005. Kabla ya hapo kila chuo kikuu cha umma kilikuwa na sheria yake. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilipata ya kwake mwaka 1970, Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine mwaka 1984. Sasa kila chuo kina Hati Idhini inayotolewa na Rais, na humo ndimo mnaandikwa Baraza lina viti vya nani, nani anateua na mjumbe anakaa muda gani. Ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ilitolewa mwaka 2007. Ni waraka wa umma, na anayetaka kujua habari za chuo fulani aanzie hapo, maana vyuo havifanani kwa kila kipengele.

Kwa jumla, Rais humteua Mkuu wa Chuo, kama alivyoteuliwa Rais mstaafu Jakaya Kikwete kwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 2016, na humteua pia Mwenyekiti wa Baraza. Waziri mwenye dhamana ya elimu huteua wajumbe kutoka nje ya chuo. Makamu Mkuu wa Chuo huingia kwa wadhifa wake. Wanataaluma, wafanyakazi waendeshaji na wanafunzi hupeleka wawakilishi wao, na wahitimu huwakilishwa kupitia Baraza la Masajili, ambalo ni chombo chao wenyewe. Vyuo binafsi vina utaratibu mwingine. Stella Maris ya Mtwara, kwa mfano, iko chini ya Chuo Kikuu cha Mtakatifu Augustino, ambacho mmiliki wake ni Baraza la Maaskofu Katoliki.

Hapo kwenye uteuzi wa Waziri ndipo pa kukazia macho. Baraza ndilo linalopitisha bajeti, kusimamia ardhi na majengo, kuajiri na kupandisha vyeo. Mitaala na matokeo ya mitihani ni kazi ya Seneti, chombo cha taaluma cha chuo. Kwa hiyo mezani anatakiwa mtu anayeweza kusoma hesabu zilizokaguliwa na kuuliza swali gumu, mwanasheria anayejua mikataba, mtu wa viwanda, na kwa chuo chenye kampasi ya kilimo, mtu anayekijua kilimo chenyewe. Majina hukusanywa, hufanyiwa upekuzi, kisha mamlaka ya uteuzi huamua. Mtaalamu aliyefanya kazi miaka mingi kwenye utafiti wa korosho pale Naliendele anaweza kufaa kuliko mtu mwenye jina kubwa asiye na nafasi ya kuhudhuria vikao. Sisi tunaamini hivyo kwa dhati, na tunalisema kila tunapopata nafasi.

Uteuzi ukichelewa, madhara hayasubiri. Muda wa Baraza ukiisha bila jipya kuundwa, mambo yanayohitaji idhini yake hukwama: wahadhiri wanangoja vyeo, mipango ya majengo inalala kwenye majalada. Mwananchi anayeona kazi zimesimama kwenye kampasi anaweza kabisa kuuliza kama Baraza lipo kazini.

Mjumbe akishateuliwa, hawi tena wakili wa aliyemteua wala wa wilaya alikozaliwa. Mwenye kampuni inayotaka kuuza kitu kwa chuo anatakiwa kutangaza maslahi yake na kujiondoa jambo hilo linapojadiliwa. Mwanafunzi naye ni mjumbe, si mgeni mwalikwa, na anapaswa kupewa makabrasha mapema ayasome kama wenzake.

Mlango ulio mikononi mwa watu wa Kusini moja kwa moja ni ule wa Baraza la Masajili, na tunasikitika kuona ukiachwa. Masasi, Newala, Kilwa na Liwale kumejaa wahitimu wa vyuo vya umma: walimu, wauguzi, mabwana shamba, maofisa wa halmashauri. Wengi waliondoka na cheti na hawajarudi kuulizia chochote, wakati wanachaguliwa viongozi wa kuwasemea wahitimu wote. Andikia ofisi ya Baraza la Masajili la chuo chako, hakikisha jina lako na namba yako ya simu ya sasa vimo kwenye orodha yao, na uulize mkutano mkuu unaofuata ni lini na kama unaweza kushiriki ukiwa mbali.