Roshani za The George: Ujia Uliotolewa Nje ya Nyumba

Ninapofundisha usanifu wa nyumba za wageni za Uingereza zilizohudumia magari ya farasi, huanzia uani, kwa kuwa ua ndio ulioamua mahali pa kila kitu kingine. Mfano wangu ni The George ya Southwark, karibu na London Bridge. John Stow, mwandishi wa historia ya London, aliitaja mwaka 1598 miongoni mwa nyumba za wageni za mtaa huo. Iliteketea katika moto wa 1676, na jengo lililopo leo lilianza kuinuliwa mwaka uliofuata.

Hadi Westminster Bridge ilipofunguliwa mwaka 1750, London Bridge lilikuwa daraja pekee la kuingilia katikati ya London kutoka kusini, hivyo kila mwenye biashara alitaka kipande cha barabara ielekeayo darajani. Viwanja vikawa vyembamba kwa mbele na virefu kwa nyuma. Gari lilipenya kati ya majengo ya mbele, likasimama katika ua uliozungukwa na vyumba, kisha farasi wakaongozwa nyuma zaidi, kwenye mabanda yao.

Watu wengi huziona roshani za mbao zilizoukabili ua huo kuwa ni pambo. Mimi naziona kuwa jibu la tatizo gumu. Katika nyumba nyingi za karne ya 17, chumba kilifungukia chumba kingine, na aliyelala mwisho alipita kando ya kitanda cha mwenzake. Jamaa wa nyumba moja waliweza kulivumilia jambo hilo, lakini si wageni wasiojuana, huyu akiondoka alfajiri na yule akifika usiku. Kuweka ujia ndani kungepunguza upana wa vyumba katika jengo ambalo tayari lilikuwa jembamba. Kwa hiyo mafundi waliutoa nje, wakaufunika kwa paa, wakauzungushia ukingo wa mbao, na kila chumba kikapata mlango wake. Gharama yake ilikuwa mwanga: roshani inayomkinga mgeni na mvua hukitia pia kivuli chumba chake, na ukiingia katika vyumba hivyo utaona jinsi dari za chini zinavyouzidisha ugiza huo.

Reli ziliwaondoa abiria barabarani, kisha zikataka ardhi yenyewe. Kampuni ya Great Northern Railway ilibomoa sehemu kubwa ya The George mwaka 1889, na ulibaki upande wa kusini peke yake. Hasara hiyo inanihuzunisha hadi leo, kwa sababu ua wenye roshani upande mmoja tu haukuonyeshi tena jinsi wageni walivyotazamana kutoka pande zote huku magari yakipakiwa chini yao. Mwaka 1937 kampuni iliyoirithi ile ya kwanza, London and North Eastern Railway, ililikabidhi jengo kwa National Trust, shirika la kuhifadhi majengo ya kihistoria, na hiyo ndiyo nyumba ya wageni pekee yenye roshani za namna hii iliyosalia London.