Flashi inaongeaje na kompyuta?

Ukichomeka flashi, baada ya sekunde chache mafaili yako yanaonekana kwenye skrini. Wengi hudhani kompyuta imeingia ndani ya flashi na kuyatazama yenyewe. Haijaingia. Ndani ya flashi kuna chipu inayohifadhi data, na mlangoni kuna chipu nyingine iitwayo kidhibiti. Kompyuta huongea na huyu wa mlangoni tu, na huamini kila anachoiambia.

Kidhibiti kipo kwa sababu ya tabia ya memori yenyewe. Memori hiyo, ya aina iitwayo NAND, iliyobuniwa na Fujio Masuoka na wenzake wa Toshiba na kutangazwa mwaka 1987, hutunza data kwa kunasa elektroni ndani ya seli ndogo mno. Husomwa na kuandikwa ukurasa kwa ukurasa, mara nyingi kilobaiti 4 hadi 16, lakini kufuta ni lazima ufute bloku nzima yenye kurasa nyingi. Ukurasa ukishaandikwa, huwezi kuandika juu yake mpaka bloku yake ifutwe. Kila kufuta kunaichakaza bloku kidogo, na zipo bloku zinazotoka kiwandani zikiwa mbovu tayari.

Kompyuta haijishughulishi na hayo. Kwake, hifadhi ni safu ndefu ya sekta zenye namba kuanzia 0, kwa kawaida baiti 512 kila moja, na hutarajia kuandika upya sekta yoyote, saa yoyote. Ukisahihisha neno moja kwenye waraka, kompyuta huagiza sekta fulani iandikwe upya. Kidhibiti hutafuta ukurasa ulio wazi mahali pengine kabisa, huandika humo, kisha hurekebisha daftari lake: sekta ile sasa iko huku. Data ya zamani inabaki palepale, ikisubiri bloku yake ifutwe. Kwa hiyo kuandika sifuri juu ya faili la siri lililo kwenye flashi hakukuhakikishii kwamba limetoweka.

Sasa tusikilize mazungumzo yenyewe. Kwenye plagi ya USB ile pana ya siku zote, pini mbili za umeme ni ndefu kuliko za data, kwa hiyo volti 5 hutangulia kufika na kidhibiti huamka. Kisha flashi hupandisha umeme kwenye waya mmoja wa data kupitia rezista ya omu 1,500. Hiyo ndiyo hodi yake. Ikishabisha hodi inanyamaza, maana katika USB 2.0 kifaa hakisemi mpaka kiulizwe. Kompyuta huipa anwani, namba kati ya 1 na 127, na kuisoma maelezo yake. Ikijitambulisha kuwa ya kundi namba 08, yaani vifaa vya kuhifadhia data, kompyuta inajua itumie lugha gani. Hii ndiyo sababu flashi mpya haikudai usakinishe chochote.

Lugha hiyo ni SCSI, iliyotungwa kwa ajili ya diski za miaka ya 1980. Kila amri hutiwa kwenye bahasha ya baiti 31 inayoanza na herufi USBC. Tuseme kompyuta inataka sekta 8 kuanzia namba 2048. Amri yenyewe ni hii, kwa tarakimu za msingi wa 16:

28 00 00 00 08 00 00 00 08 00

Ile 28 maana yake ni "soma". Baada ya 00 moja zinafuata 00 00 08 00, ambazo ndizo 2048, na ile 00 08 ya karibu na mwisho ni idadi ya sekta. Flashi hutuma baiti 4,096, kisha risiti ya baiti 13 inayoanza na USBS. Baiti ya mwisho ya risiti ikiwa 00, kazi imefanyika. Ikiwa 01, imeshindikana. Kutazama video nzima kutoka kwenye flashi ni maulizo na risiti za namna hii, maelfu kwa maelfu.

Kabla ya kusoma chochote, kompyuta huuliza ukubwa kwa amri namba 25, na flashi hujibu kwa kutaja namba ya sekta yake ya mwisho na ukubwa wa kila sekta. Kompyuta huliamini jibu hilo bila kulihakiki. Matapeli hupenyea hapa: kidhibiti hupangwa kiseme gigabaiti 512 wakati chipu ni ya 32. Unanakili mafaili, risiti zinarudi 00, majina yote yanaonekana kwenye orodha, kisha ukiyafungua mengi ni mabovu. Watu wamepoteza picha za miaka kwa njia hii. Tafadhali, flashi mpya ijaze data unayoijua mpaka mwisho, ichomoe, ichomeke tena, uisome yote na kulinganisha, ndipo uiamini.

Kitufe cha kuondoa kwa usalama nacho kina kazi halisi. Kompyuta hupenda kulimbikiza maandishi kwenye RAM yake, yaani memori ya muda, kabla ya kuyatuma, na kidhibiti nacho kinaweza kuwa na yake mkononi. Kitufe hicho huamuru yote yaandikwe. Ukichomoa wakati kidhibiti kinarekebisha daftari lake, unaweza kupoteza flashi nzima na siyo faili moja tu.

Memori kadi za SD zina amri zao wenyewe, na huanza mazungumzo polepole, kwa mapigo yasiyozidi kilohezi 400, kabla ya kuongeza kasi. Ndani ya simu kuna hifadhi za aina mbili: eMMC husoma au kuandika kwa zamu, ilhali UFS hufanya yote mawili kwa wakati mmoja.

SSD, yaani diski za kompyuta zinazotumia memori ya namna hii hii, nazo zina kidhibiti. Zile zinazotumia itifaki ya NVMe, ambayo toleo lake la kwanza lilitoka mwaka 2011, zilibadilisha utaratibu wote. Kompyuta hupanga amri kwenye foleni ndani ya RAM yake, kisha hugonga kengele, na SSD huja kuzichukua yenyewe. Itifaki ya zamani zaidi ya AHCI, inayotumika na diski za waya wa SATA, ilikuwa na foleni moja ya amri 32 kwa kila diski. NVMe huruhusu foleni zaidi ya 65,000. Seli zilikuwa na kasi tangu zamani, mazungumzo ndiyo yaliyokuwa yakizichelewesha.

Limebaki jambo moja ambalo kidhibiti hakiwezi kulijua bila kuambiwa. Ukifuta faili, kompyuta huondoa jina lake tu kwenye orodha, na kidhibiti kinaendelea kuitunza data ile na kuihamishahamisha kana kwamba bado unaihitaji. Amri ya TRIM ndiyo huiambia SSD kwamba sekta hizi hazina mwenyewe tena. Ikishatumwa, usitegemee programu ya kurudisha mafaili.