Kuinamisha macho si ushahidi wa uongo

Kwenye mwalo wa Kibirizi, Kigoma, ndoo ya dagaa ikipungua, kijana wa kupakia huitwa mbele za watu. Akiinamisha macho, hukumu imeshapita: "Mwoneni, hawezi hata kunitazama!" Imani hii ni ya zamani, wala si ya Kigoma peke yake. Utafiti uliochapishwa mwaka 2006 uliwauliza watu wa nchi 58 wanamtambuaje mwongo. Jibu lililoongoza lilikuwa hilo hilo la kukwepa macho.

Lakini mwaka 2003 mwanasaikolojia Bella DePaulo na wenzake walikusanya tafiti nyingi kuhusu dalili za uongo, na macho hayakuonyesha tofauti ya maana. Ubashiri wetu nao ni duni: kwa wastani watu hupatia kama mara 54 katika 100, karibu sawa na kurusha shilingi.

Tena kijana huyo amelelewa asimkazie macho mkubwa wake. Angekukazia, ungesema ana kiburi, atokee wapi?

Kinachofaa kuangaliwa kwenye ugomvi ni hasira inavyopanda: ngumi zinakunjwa, taya linakaza, mtu anazidi kukusogelea. Hapo rudi nyuma kidogo, simama upandeupande, mikono yako ionekane, shusha sauti. "Mdogo wangu, hebu nieleze, ndoo ilipita kwa nani?" Mwache amalize hata kama anatazama mchanga, kisha fungueni daftari la mzigo mhesabu pamoja.