"Waethiopia" wa kale hawakuwa Waethiopia wa leo

Wengi husoma habari za kale za "Waethiopia" wakafikiria Addis Ababa. Sivyo. Wagiriki, tangu Homer, waliwaita Aithiopes, yaani wenye nyuso zilizoungua kwa jua, watu weusi wa kusini mwa Misri kwa jumla. Wakitaja ufalme, mara nyingi walimaanisha Kushi, katika Sudan ya leo. Lilikuwa jina la kupachikwa na wageni; Wamisri waliiita nchi hiyo Kash, na wafalme wake wenyewe walilitumia hilo.

Ndiyo maana Biblia yetu ya Kiswahili, kwenye Matendo 8:27, inamtaja towashi kuwa mtu wa Kushi, na naona watafsiri walifanya vyema sana. Malkia aliyemtumikia, Kandake, alitawala Meroe, mji mkuu wa Kushi, kilomita kama 200 kaskazini mashariki mwa Khartoum. Kandake nalo si jina lake la kuzaliwa. Ni cheo cha kifalme, na malkia kadhaa walikuwa nacho, akiwemo Amanirenas aliyepigana na Warumi.

Jina la Ethiopia lilihamia nyanda za juu za Ethiopia ya leo baadaye: Mfalme Ezana wa Aksum, ufalme wa kale wa huko, alilitumia katika maandishi yake ya Kigiriki, karne ya 4.