Kabla hajaanza shule alilelewa na nani?

Mzazi anapomleta kliniki kijana wa miaka 14 aliyesema hataki tena kuishi, hapa Kisumu sababu huwa tayari mdomoni: matokeo ya mtihani, simu, marafiki wabaya. Nayasikiliza yote. Kisha namuuliza: kabla hajaanza shule, alilelewa na nani?

Jambo la juzi laweza kuwa ndilo lililomsukuma, ila mara nyingi limemkuta amekwisha kuelemewa. Mwaka 1998 madaktari Vincent Felitti na Robert Anda walichapisha utafiti uliofanywa California kuhusu madhila ya utotoni: kupigwa, kutukanwa, kunajisiwa, kumwona mama akipigwa, kuishi na mlevi, mgonjwa wa akili au mtu aliyewahi kufungwa. Kadiri madhila yalivyorundikana, ndivyo waliowahi kujaribu kujiua walivyozidi kuwa wengi.

Orodha yao ya wakati huo haikuwa na kifo cha mzazi. Huku kwetu siwezi kukiacha, maana UKIMWI umeacha mayatima wengi Kisumu, Siaya na Homa Bay. Tena si kifo peke yake, bali yanayofuata. Matanga yakiisha, watoto hugawanywa: huyu kwa shangazi mtaani Kondele, yule kwa nyanya kijijini. Wa miaka mitatu huambiwa mama amesafiri. Basi anamngoja. Kila gari likisimama anakimbilia mlangoni. Akilia anaambiwa anyamaze. Karo ikikosekana anahamishiwa kwa mjomba, na huko naye anaanza upya kujifunza nani hukasirika na saa ngapi. Akifika miaka kumi ameshaacha kuuliza maswali, na watu humsifu kwamba ni mtoto mtulivu. Utulivu huo hunitia hofu kuliko ukorofi.

Mtoto mdogo hajui kujituliza mwenyewe. Hujifunza kwa kubebwa na kubembelezwa na mtu yuleyule, siku baada ya siku. Akikosa mtu huyo, mwili huzoea kukaa macho kama aliye hatarini, na akibalehe, aibu ndogo humwangukia kwa uzito mkubwa. Wala hafikirii kumwambia mtu, kwa kuwa hajawahi kuona kusema kukisaidia. Mama anayeugua sonona, yaani huzuni nzito isiyoondoka, baada ya kujifungua, bila msaada, naye huweza kushindwa kumpa mtoto utulivu huo. Ndiyo maana ningependa kliniki za chanjo zimuulize na mama hali yake.

Watoto wengi waliopitia haya hawafikii kamwe kuwaza kujiua. Nimewaona waliolelewa na nyanya mmoja asiyebadilika, aliyewaambia ukweli kuhusu mama na kuwapeleka kaburini, wakakua vizuri. Kwa hiyo mlezi, mwambie mtoto ukweli kwa maneno anayoyaelewa. Ukiwa na wasiwasi juu ya kijana, muulize waziwazi kama anawaza kujiua. Kuuliza hakumpandikizii wazo hilo. Humfungulia mlango wa kusema. Akikubali, usimwache peke yake, fungia mbali dawa na kemikali za shamba, kisha umpeleke hospitali. Usihofu polisi: Januari 2025 Mahakama Kuu ya Kenya ilitangaza kuwa kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu, kilichofanya kujaribu kujiua kuwa kosa, kinakiuka Katiba. Usiku wa manane piga 1199 ya Msalaba Mwekundu, bila malipo. Mtoto mwenyewe anaweza kupiga 116, simu ya msaada kwa watoto.