Matone ya mzio wa macho: soma kichupa kwanza

Mama mmoja alikuja kliniki na mwanawe wa miaka tisa. Mtoto macho yamekuwa ya kahawia, ngumi haziishi kufikicha. Mama akafungua fundo la kanga, akatoa kichupa kidogo ambacho maandishi yake yalianza kufutika. "Daktari, hii ndiyo inayomsaidia. Nikimwekea tu, anatulia." Alikuwa akiinunua tangu mwaka uliopita, bila cheti. Nikakigeuza kichupa kwenye mwanga: deksamethasoni, dawa ya kundi la steroidi. Tulipompima presha ya macho, yaani msukumo wa majimaji ndani ya jicho, ilikuwa juu.

Hapo ndipo watu wengi wanapojikwaa. Wanaomba "dawa ya macho kuwasha", wanapewa steroidi, na kwa kuwa steroidi hutuliza haraka, wanaipenda. Si dawa mbaya. Hata sisi tunaiandika, ila kwa muda mfupi na huku tukipima presha. Ikitumika ovyo hupandisha presha ya macho, na presha hiyo hula uoni kuanzia pembeni bila maumivu yoyote. Ikiendelea kwa muda mrefu huleta mtoto wa jicho, hata kwa mtoto wa shule. Kwa hiyo ukiona kwenye kichupa jina linaloanza na dexa, betametha au predni, usimdondoshee mtu kabla ya kuonana na mtaalamu wa macho. Mara nyingi huchanganywa na antibiotiki, basi muuzaji atakwambia ni "ya kuua wadudu".

Dawa inayolenga mzio wenyewe ni antihistamini. Vumbi au chavua ikigusa jicho lenye mzio, seli zake humwaga kemikali iitwayo histamini, na hiyo ndiyo inayowasha. Olopatadini na ketotifeni huizuia histamini isifanye kazi na pia huzituliza seli zisimwage nyingine. Matone ya kawaida ya dawa hizi huwekwa tone moja kila jicho, mara mbili kwa siku, na nafuu huja ndani ya dakika chache. Kwa mtoto wa chini ya miaka mitatu, au mama mjamzito, uliza kwanza.

Kromoglikati ni ya kundi jingine, ya zamani na ya bei nafuu. Huwekwa mara nne kwa siku na huchukua siku kadhaa, pengine wiki mbili, kabla ya kuonyesha kazi yake. Watu huiacha siku ya tatu wakisema haina nguvu. Matone ya "kung'arisha macho" yenye nafazolini nayo hubana tu mishipa ya damu. Ukiyazoea, wekundu hurudi mkali kuliko mwanzo.

Kuweka dawa kwenyewe kuna ufundi wake. Nawa mikono, angalia juu, vuta kope la chini lifanye kijifuko, dondosha tone moja bila ncha ya kichupa kugusa kope. Moja tu, maana jicho halina nafasi hata ya kubeba tone zima. La pili linaishia shavuni pamoja na hela yako. Fumba macho, bonyeza kona ya ndani karibu na pua kwa dakika moja au mbili, vinginevyo utaonja uchungu kooni. Mtoto mkaidi mlaze chali afumbe macho, dondosha kwenye kona ya ndani, kisha mwambie afumbue. Kama kuna dawa nyingine ya macho, subiri dakika 5. Anayevaa lenzi azivue, asizirudishe kabla ya dakika 15.

Kuwashwa kukizidi, weka kitambaa kilicholoweshwa maji safi ya baridi juu ya kope. Kufikicha huongeza mwasho, na kwa miaka kunaweza kukipinda kioo cha mbele cha jicho. Maziwa ya mama na chai ya rangi viacheni jikoni. Jicho likiuma, likitoa usaha, likishindwa kuvumilia mwanga au likiona ukungu, njoo lipimwe.

Yule mtoto tulimwachisha steroidi taratibu, sasa anatumia ketotifeni na anarudi kupimwa presha. Kichupa cha dawa hiyo mpya nacho kinasafiri kwenye fundo la kanga, ila ubavuni kimeandikwa kwa kalamu tarehe kilipofunguliwa. Wiki nne zikitimia, mama anakitupa hata kama dawa imebaki.